Kamera iingie darasani Nkome

Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa Nkome, mkoani Geita, huwasha taa juu ya maji ya Ziwa Victoria na kuwangoja dagaa waufuate mwanga. Alfajiri mitumbwi hurudi mwaloni, wachuuzi hupatana bei, dagaa huanikwa. Kutoka hapa boti huvuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, ambako sokwe mtu walioletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969 walizaliana, na vizazi vyao vingali msituni. Upande wa bara kuna dhahabu: mgodi mkubwa wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na maduara ya wachimbaji wadogo.

Habari za eneo hili zingetosha kulisha televisheni mwaka mzima. Mara nyingi, hata hivyo, msimulizi ni mgeni anayefika mchana, akapiga picha mbili tatu na kuondoka kabla ya giza. Mtoto wa mvuvi, anayejua kwa nini pilika za mwaloni hupungua mwezi unapong'aa, hubaki mtazamaji. Naamini shule za sekondari za ukanda huu zina wajibu wa kumfundisha asimulie mwenyewe.

Mlango wa kisera umekwisha kufunguliwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mikondo miwili katika sekondari: elimu ya jumla na amali. Mkondo wa amali ulianza Januari 2024 katika baadhi ya shule, na sanaa bunifu ni miongoni mwa fani zake. Jirani zetu Kenya wameweka teknolojia ya vyombo vya habari pamoja na tamthilia na filamu katika masomo ya kuchagua ya sekondari ya juu, na shule zao hushindanisha filamu katika tamasha la taifa.

Kipaji hakijawahi kuwa shida ya kanda hii. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Jina lake lilikua Dar es Salaam, katika kundi la maigizo la Kaole, na hadi alipofariki Aprili 2012 alikuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa filamu nchini. Zama hizo kijana wa huku alilazimika kuhama ili aonekane. Leo vifaa vya kuanzia vinaingia katika begi moja.

Mwanafunzi wa Nkome atajifunza nini? Kwanza sauti. Upepo wa ziwa na injini za boti humeza maneno, kwa hiyo atajua kumsogeza msemaji nyuma ya ukuta, kumbandika kipaza sauti kidogo kifuani, na kusikiliza kabla ya kurekodi. Pili mwanga: jua la saa sita hutia kivuli machoni, lile la saa moja asubuhi huupamba uso. Tatu uandishi: swali la habari liandikwe kabla kamera haijawashwa. Mwisho uhariri, yaani kuzifanya dakika 40 za mahojiano ziwe 3 bila kupotosha alichosema mtu. Hata hesabu zimo: kwa picha 25 kila sekunde, dakika moja ya video ni picha 1,500.

Lililo zito zaidi ni maadili. Kijana atakayekwenda kurekodi kwenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, katika machimbo madogo ya Rwamgasa anaweza kukuta watoto wa rika lake kazini. Afundishwe kuomba idhini, kuficha sura ya mtoto, na kuhakiki dai la mtu mmoja kwa mwingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zisomwe darasani kwa lugha nyepesi. Aelewe pia kwamba chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kiwango cha chini cha elimu kwa mwandishi wa habari ni stashahada. Anayedhani kamera ni njia ya kukimbia vitabu amepotea, maana bila kufaulu kidato cha nne hafiki chuoni.

Vikwazo vipo. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na walimu wa fani hii ni wachache. Basi vifaa viwe mali ya shule, chini ya mwalimu mlezi: simu mbili zenye kamera nzuri, stendi, vipaza sauti na kompyuta mpakato moja. Programu za uhariri kama DaVinci Resolve zina toleo la bure. Ujuzi uko karibu: Storm FM inatangaza kutoka Geita mjini, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kinafundisha uandishi wa habari.

Fedha nazo zina njia. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa mengi Geita, na zinaweza kununua kamera za kuwekwa ndani yake. Madiwani, wakuu wa shule na wazazi wa Nkome, mpango wa mwaka ujao utakapojadiliwa, dai hilo liwe mezani. Msisubiri mtu wa mbali awasemee watoto wenu.