Afisa wa Watoto Asaidiwe Deni la Masomo

Mtoto aliyeteswa nyumbani hasimulii masaibu yake siku ya kwanza. Humpima kwanza afisa wa watoto, na akishamwamini ndipo hufumbua kinywa. Je, afisa huyo akihama kwa kufuata mshahara mnono kwingineko, mtoto aanze tena na nani?

Wapo maafisa waliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na anayekosa kulipa hutozwa faini ya Sh5,000 kila mwezi. Sisemi deni litupwe. Fedha hizo, alhasili, ndizo zinazowasomesha wadogo wao. Lakini Marekani, kwa sheria ya mwaka 2007, mtumishi wa umma aliyelipa mara 120 husamehewa salio. Hiyo ni miaka 10 kazini!

Kwetu, Sheria ya Watoto ya 2022 ilimtwika afisa majukumu tele, deni lake isiliguse. Serikali na iilipe Bodi sehemu ya deni hilo kwa kila mwaka ambao afisa anadumu kituoni, ikianza na walio katika kaunti za mbali kama Turkana.