Amri, Ombi na Jina la Kuitia: Jukwaa katika Mafundisho ya Ubaguzi wa Rangi Iringa na Mbeya

Mpaka mwaka 1961 watoto wa Tanganyika walisoma katika shule zilizogawanywa kwa rangi: Wazungu walikuwa na zao, Waasia zao, na Waafrika zao. Katika Nyanda za Juu za Kusini, ambako ubaridi wa nchi uliwavuta masetla Iringa, Mufindi na Mbeya, mgawanyo huo ulionekana kwa macho. Mbeya palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Na karibu na mji wa Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1950, ikajengwa shule kubwa ya St. Michael's and St. George's, nayo pia kwa ajili ya Wazungu. Sheria ya Elimu ya 1961 iliufuta mgawanyo huo kuanzia Januari 1962. Shule ile ya Iringa baadaye ilipewa jina la Mkwawa, na tangu 2005 mahali hapo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambako hufundishwa walimu.

Habari hizi hupatikana katika vitabu vya historia, walakini hupatikana kwa ufupi, na mwanafunzi huzishika kama anavyoshika majina ya mito. Anajua kuwa palikuwa na ubaguzi, na anajua mwaka uliokoma. Asilolijua ni jinsi ubaguzi huo ulivyosemwa, yaani kwa maneno gani mtu mmoja alimwita mwenzake, na mwenzake akaitika vipi. Sehemu hii ya historia ni sehemu ya lugha, na ndiyo inayofaa zaidi kufundishwa kwa mchezo wa kuigiza, kwa sababu maneno ya amri hayana nguvu yake kamili mpaka yatamkwe na mtu mbele ya mtu.

Katika nchi nyingine njia hii imekwisha zoeleka. Huko Marekani makundi ya maigizo huwachezea wanafunzi michezo juu ya Jackie Robinson, Mwamerika mweusi aliyeingia timu ya Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, na kwa hivyo akauvunja mwiko uliowazuia watu weusi kucheza besiboli katika ligi kuu. Jina hili si geni kabisa katika historia ya Afrika Mashariki. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta fedha za kuwapeleka vijana kusoma Marekani, barua ya kuomba michango ilitiwa sahihi na Robinson pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier; na mwezi Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi. Lakini kwa mwandishi wa michezo, kisa cha Robinson kina urahisi ambao kisa cha Tanganyika hakina. Kina mtu mmoja, uwanja mmoja na siku moja. Ubaguzi wa shule za Iringa na Mbeya haukuvunjwa na mchezaji mmoja aliyeingia uwanjani huku watu wakimzomea. Ulivunjwa kwa sheria, na kabla ya sheria kwa mambo mengi madogo yasiyo na tarehe. Mwalimu anayetaka kuupandisha jukwaani hana budi kutafuta mahali pengine pa kuushikia mchezo wake.

Mahali hapo ni nyumbani, shambani na ofisini, na chombo chake ni sarufi. Kiswahili kina njia nyingi za kumwambia mtu afanye jambo. Mtu aweza kusema "lete maji", au "ulete maji", au "niletee maji", au "naomba uniletee maji". Na kila mzaliwa wa lugha hujua, bila kufundishwa, ni ipi humfaa mdogo, ni ipi humfaa rika, na ni ipi humfaa mzee. Amri tupu si tusi yenyewe, maana mama humwambia mwanawe hivyo kila siku. Huwa tusi inapoelekezwa kwa mtu ambaye umri wake unadai "naomba", tena ikaelekezwa hivyo kila siku wala isibadilike hata mara moja. Na ikiwa mtoa amri ni mtoto wa miaka kumi, na mpokea amri ni mpishi mwenye wajukuu, basi mpango wote wa heshima katika lugha umepinduliwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtumishi wa kiume wa umri wowote aliitwa "boi". Mtoto wa kiume wa nyumba aliitwa "bwana mdogo", na huyo boi mwenye mvi ndiye aliyemwita hivyo. Salamu ya "shikamoo", ambayo mtoto wa Kiswahili humpa mkubwa wake akajibiwa "marahaba", haikuwa na mahali katika mazungumzo hayo. Na kwa Wahehe na Wabena, ambao hawapitani njiani bila "kamwene", kumwanza mtu mzima kwa amri pasipo salamu kulikuwa sawa na kumwambia kuwa hayupo. (Ni ajabu kidogo kwamba "shikamoo" yenyewe, kama wengi wanavyoieleza, asili yake ni maneno ya kushika miguu. Neno la unyonge limekuwa neno la adabu, na leo kukosekana kwake ndiko kunakoumiza.)

Vitabu vya wakati ule vinathibitisha kuwa lugha hii ilifundishwa kwa makusudi. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, masetla, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Mpangilio huo wa wasomaji watosha kuonyesha shabaha: hao ni watu waliohitaji lugha ili kazi ifanywe, na miaka hiyo hiyo Lupa, kaskazini ya Mbeya, ilikuwa imejaa wachimba dhahabu. Katika Kiswahili cha namna hiyo upatanisho wa ngeli huachwa, na "kuja hapa" huchukua mahali pa "njoo hapa". Haifai kuwatwika masetla peke yao kosa hili la mwisho, maana watu wengi wa bara nao husema "kuja" bila nia ya kumdharau mtu.

Hapa ndipo michezo mingi ya shule inapokosea. Mwanafunzi anayeigiza Mzungu hupewa unga wa kujipaka usoni, kofia pana, na matamshi ya puani, na Kiswahili chake huvunjwavunjwa. Hadhira hucheka, na kicheko hicho humwokoa kila mtu na somo. Mzungu aliyekosea ngeli huonekana mjinga, na mjinga hatishi. Kumbe maofisa wengi wa serikali walifanya mitihani ya Kiswahili, na wamisheni wengi walikisema vizuri. Na Kiswahili sanifu chenyewe kilisimamiwa tangu 1930 na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanzishwa chini ya utawala huo huo. Kwa hiyo lingekuwa jambo la kweli zaidi, na la kuogofya zaidi, kama bwana wa jukwaani angesema Kiswahili safi kisicho na kasoro, lakini asitumie hata mara moja "tafadhali", wala "naomba", wala jina la mtu. Hapo mwanafunzi hawezi kukimbilia kwenye lafudhi. Inambidi aisikie amri.

Jambo hili laweza kujaribiwa kwa urahisi darasani, hata pasipo mchezo kamili. Wanafunzi wawili hupewa maneno machache ya mezani: chai, sukari, mlango, viatu. Huyasema mara ya kwanza kama mtoto na babu yake, mara ya pili kama bwana mdogo na boi. Vitu ni vile vile; viambishi vya vitenzi na majina ya kuitana ndivyo hubadilika. Mwalimu wa sarufi na mwalimu wa historia hukutana hapo katika kipindi kimoja, jambo ambalo ratiba za shule hazilitaki sana.

Tamthilia zilizopo zina msaada, lakini kila moja ina mpaka wake. "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, imesomwa shuleni kwa miaka mingi, na watu wengi huipenda kwa jinsi inavyoonyesha neno la mtu mmoja likikua mpaka kumshinda aliyelisema. Kwa kusudi la makala hii kuna jambo jingine la kuangaliwa humo: ukali wa mtawala huwafikia watu wa mashamba ya pamba kupitia kwa mnyapara, Mwafrika mwenzao, tena katika lugha yao. Ikichezwa Njombe, wazee wa Kibena wana kumbukumbu yao ya vita hivyo, maana mwezi Septemba 1905 Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi. Ikichezwa Iringa mjini, hali ni nyingine: Wahehe kwa jumla hawakuingia Maji Maji, na wako waliopigana upande wa Wajerumani. Mwalimu anayeliruka jambo hilo anawadanganya watoto wa huko kwa upole.

Iringa ina kisa chake. M. M. Mulokozi ameandika tamthilia juu ya Mkwawa na Uhehe, na mambo ya msingi yajulikana: ushindi wa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kuanguka kwa Kalenga mwaka 1894, kifo cha Mkwawa mwaka 1898, na fuvu lake lililotajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 na kurudishwa Kalenga na Gavana Twining mwezi Juni 1954. Tukio hilo la mwisho lastahili mchezo peke yake. Gavana wa nchi iliyowagawa watoto kwa rangi anamrudishia mjukuu fuvu la babu yake, na miaka michache baadaye, mwendo mfupi tu kutoka hapo, inajengwa shule ambayo watoto wa ukoo huo hawaruhusiwi kuingia. Hakuna haja ya mwandishi kuongeza kitu.

Tahadhari moja yapasa kutajwa. Shule ya Malangali, iliyoanzishwa 1928, chini ya W. B. Mumford ilijaribu kujenga elimu ya Waafrika juu ya mila za makabila ya huko, na ngoma na mafunzo ya wazee vikapewa nafasi shuleni. Jaribio lile lilikuwa na heshima ndani yake, lakini lilikuwa pia njia ya kuwaweka vijana mahali pao. Utamaduni wa jukwaani waweza kutumika kumfungia mtu ndani ya kabila lake kama ulivyoweza kutumika kumfungua, na mchezo wa shule unaoanza na kwisha kwa ngoma za mapambo hauko mbali sana na Malangali ya wakati ule.

Mambo ya siasa nayo hupandishika jukwaani, ingawa si yote kwa urahisi ule ule. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ni rahisi. Kila mpiga kura alilazimishwa kuwachagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na haki ya kupiga kura ilidai elimu ya darasa la 8, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani. TANU iliamua mjini Tabora, Januari 1958, kuingia katika uchaguzi huo wenye ubaguzi ili iushinde kwa ndani; na kutoka Iringa, Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani, aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa msaada wa TANU. Hadhira yenyewe yaweza kupewa karatasi na kupiga kura. Watakaozuiwa mlangoni kwa kukosa pauni 150 watakuwa wamefundishwa.

Mjadala wa uraia wa Oktoba 1961 ni mgumu zaidi, ijapokuwa una kila kitu cha mchezo: wabunge waliotaka uraia uandamane na rangi, na Nyerere akiwajibu kwa hasira kuwa serikali yake ingejiuzulu kuliko kulikubali jambo hilo. Ugumu ni wa lugha. Mjadala ulikuwa kwa Kiingereza. Nyerere alilihutubia Bunge la Jamhuri kwa Kiswahili Desemba 1962. Mwanafunzi wa leo atausema kwa Kiswahili, na mfasiri atalazimika kuamua kama wabunge wale wataitana "mheshimiwa" kwa desturi ya bungeni ya siku hizi, au "ndugu", au "bwana". Neno "bwana" ndilo lenye mzigo. Lilikuwa la boi kwa Mzungu. Sasa ni la mbunge kwa mbunge. Kulitumia hapo ni kuisikilizisha hadhira jinsi neno lile lile linavyoshuka kutoka juu na kuwa la watu sawa.

Kazi iliyo ya haraka kuliko zote haihitaji jukwaa. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1961 amekwisha pita miaka 70, na waliokuwa wapishi, wachuma chai wa Mufindi na makarani wa Mbeya wakati huo wamebaki wachache. Majalada ya serikali yaliandikwa kwa Kiingereza na hayana habari za jikoni. Wanafunzi wa ualimu wa Mkwawa, wanaolala mahali palipokuwa shule ya Wazungu, wangeweza kutumwa vijijini kabla ya kuandika mchezo wowote, wakawaulize wazee mambo manne tu: uliitwaje, uliitikaje, yule mtoto wa nyumba ulimwita nani, na baada ya Januari 1962 ni lipi kati ya maneno hayo lililokufa kwanza.