Lubaina Himid na Majina Yaliyofutwa

Msanii Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria yeye akiwa bado mchanga, na mama yake, mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza. Huko alisomea usanifu wa majukwaa ya tamthilia, na elimu hiyo haijamtoka: kazi zake nyingi husimama sakafuni kama waigizaji, watazamaji wakapita katikati yao.

Katika miaka ya 1980, majumba makubwa ya sanaa ya Uingereza yaliwapa wanawake weusi nafasi finyu mno. Himid hakungoja kualikwa. Mwaka 1985 aliandaa The Thin Black Line mjini London, maonyesho ya wanawake 11 wenye asili ya Afrika, Karibi na Asia, ingawa walichopewa ndani ya jengo kilikuwa ushoroba tu. Mwaka uliofuata alichukua michoro ya kejeli ya William Hogarth ya karne ya 18 na kuigeuza: Waziri Mkuu wa Uingereza Margaret Thatcher na Rais wa Marekani Ronald Reagan wakawa wapenzi.

Kazi yake nzito kuliko zote ni Naming the Money ya mwaka 2004. Ni watu 100 wa mbao, wenye kimo cha binadamu, waliopakwa rangi za kung'aa: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, waganga wa mitishamba, wachora ramani. Wote ni Waafrika waliofanywa watumwa katika nyumba za matajiri wa Ulaya. Katika picha za zamani, watu kama hao waliwekwa pembeni ili kuonyesha utajiri wa bwana. Himid anawaleta mbele. Kila mmoja ana jina alilozaliwa nalo na jina alilobandikwa, kazi aliyoijua kwao na kazi aliyolazimishwa, na maelezo yake yameandikwa mgongoni kwa mtindo wa daftari la hesabu. Hapo ndipo ukali wa kazi hii ulipo, kwa kuwa daftari lilikuwa chombo cha mfanyabiashara wa watumwa, na sasa linabeba maisha ya mtumwa mwenyewe.

Zanzibar nayo imo katika sanaa yake. Himid amechora mfululizo wa kazi kwa umbo la kanga, zenye pindo, mji na maandishi, akitumia maneno ya waandishi kama Audre Lorde.

Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alishinda Tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya Uingereza, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Hadi mwaka uliotangulia, waliofikisha miaka 50 hawakuruhusiwa kushindania tuzo hiyo.