Umri wa Mpira wa Miguu katika Mwambao wa Tanga

Mshabiki wa kandanda katika Tanga, awe wa Coastal Union au wa African Sports, huweza kukuhadithia magoli yaliyofungwa Mkwakwani kabla yeye hajazaliwa, ilhali ukimwuliza mpira wenyewe umetoka wapi na ajali yake ni ipi, aghalabu hunyamaza. Nami naona chombo kinachopigwa mateke na wote kinastahili kuandikiwa tarjama yake.

Mipira mingi ya kushonwa kwa mkono hutoka Sialkot, mji wa Pakistan, ambako kazi hiyo ilifanywa majumbani na hata na watoto, mpaka ulipofika mwaka 1997 yakatiwa sahihi mapatano ya Atlanta ya kuwatoa watoto hao katika sindano. Ngozi ya ng'ombe, iliyokuwa ikinywa maji ya mvua na kumlemea mchezaji, imekwisha achwa. Tangu Kombe la Dunia la mwaka 1986 kule Meksiko, ngozi ya bandia, iliyogandishwa juu ya matabaka ya kitambaa, ndiyo imeshika mahali pake. Mpira wa namna tuijuayo sana una vipande 32, 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita, vinavyokutana katika kingo 90, na kila ukingo hutiwa mishono yake mmoja mmoja, mpaka upatikane mviringo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450.

Ndani yake mna kibofu, nacho ndicho roho. Kibofu cha utomvu wa mti huudundisha mpira vizuri, lakini hupitisha pumzi polepole, hata ukahitaji pampu mara kwa mara. Cha butili, ambayo ni mpira wa viwandani, huhifadhi pumzi kwa muda mrefu zaidi. Utomvu huo si mgeni kwetu: Wajerumani waliitapakaza miti ya mpira ya aina ya Ceara katika mashamba ya Tanga na Muheza, biashara ikaanguka mwaka 1913 bei iliposhushwa na mashamba ya Asia, na hata leo liko shamba la mpira la Kihuhwi, wilayani Muheza.

Lakini hasimu mkubwa wa mpira katika mwambao huu si mguu wa mchezaji, bali ni jua, mchanga na unyevu. Mpira uliojazwa pumzi asubuhi kwa kiasi kamili, kisha ukaachwa juani adhuhuri, hewa yake hutanuka na kuivuta mishono. Mchanga wa pwani hupenya katika mishono hiyo na kuusugua uzi kila mpira unapodunda. Na unyevu wa bahari, ukiingia ndani, huozesha kitambaa kilicho chini ya ngozi.

Hapo ndipo hufikiwa fundi viatu, mtu ambaye wataalamu wa mchezo humsahau. Yeye hukata mishono michache karibu na vali, hukitoa kibofu, hukitumbukiza katika beseni la maji na kutazama mapovu yatokako, hukwangua pale penye tundu, hutia solusheni na kiraka cha tyubu ya baiskeli. Kisha hukirudisha na kushona kwa sindano mbili na uzi uliopakwa nta, akiuficha mshono wa mwisho ndani. Mpira huo hurejea uwanjani ukiwa na kovu, lakini hucheza. Si hivyo kwa mipira ya vipande vilivyounganishwa kwa joto badala ya uzi, kama ile iliyotumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2006 na baadaye: hiyo ikipasuka, fundi wetu hana mahali pa kuanzia.

Mpira ukishindikana kabisa, watoto wa chandimu huuvua ngozi na kuijaza matambara, wakaifunga kwa kamba za katani, kitu ambacho mkoa huu haujapata kukikosa. Na tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki, iliyokuwa ikitumika pia kujazia, ilipopigwa marufuku, matambara yamezidi thamani. Kinachobaki baada ya hapo kisitiwe moto jalalani, kwa maana ngozi ya bandia ya PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu, wala kisitupwe ufukweni, kwa kuwa hakiozi. Basi viongozi wa timu za mitaani, mnunuapo mpira, ulizeni kwanza kama umeshonwa au umeunganishwa kwa joto. Na ule ulioshonwa, hata ukizidi bei kidogo, ndio wa kununua.