Ufa uliokaa miaka tisa ndani ya mfumo wa simu zetu

Mkulima wa Saboti, chini ya Mlima Elgon, akiuza mahindi yake Kitale hulipwa kwa simu. Mvuvi wa Kipini akiuza samaki hulipwa vivyo hivyo. Kama simu zao ni za Android, basi pesa za wote wawili zinalindwa na kitu kimoja: Linux, mfumo endeshi ulioanza kama mchezo wa mwanafunzi.

Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anaunda mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa. Msimbo wake aliuweka wazi, mtu yeyote ausome na kuurekebisha. Leo kiini cha mfumo huo ndicho kinachoendesha Android na kompyuta nyingi zinazobeba intaneti.

Kazi kubwa ya mfumo wa namna hii si kuuandika. Ni kuurekebisha, kama chombo cha mbao kisichoacha kukalafatiwa. Tuchukue ufa mmoja unaojulikana sana, uliopewa jina Dirty COW.

Fikiria karani mwenye daftari la ardhi. Wewe unaruhusiwa kulisoma, si kuliandika. Ukitaka kuandika, karani anakutolea nakala uchorechore humo. Sasa mwenzako anasimama dirisha la pili, kila mara anamwambia karani atupe ile nakala. Karani anaitupa, anageuka, na katika kupepesa jicho anasahau kwamba kalamu yako ilikuwa juu ya nakala. Inatua kwenye daftari lenyewe. Ukijaribu mara elfu kadhaa, mara moja itatokea, na shamba la jirani limekuwa lako.

Ndivyo kiini cha Linux kilivyodanganywa. Programu ya kawaida, isiyo na ruhusa yoyote kubwa, iliweza kubadilisha faili lililofungwa na kujitawaza bwana wa mashine nzima.

Torvalds aliwahi kuuona ufa huu. Alijaribu kuuziba mwaka 2005, lakini kiraka chake kilileta matatizo kwenye aina fulani ya kompyuta kubwa za IBM, kikaondolewa. Wakati ule ilionekana hatari ni ya kwenye karatasi tu. Kompyuta zikaongezeka kasi, msimbo ukabadilika, na kuanzia toleo la mwaka 2007 mlango ukawa wazi kwa yeyote aliyeujua. Mwaka 2016 mtaalamu Phil Oester alikuta mtu ameshautumia kushambulia. Kiraka kikatoka Oktoba mwaka huo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2017 watafiti waligundua kwamba kiraka chenyewe kilikuwa na tundu dogo, ikabidi kizibwe tena. Ndiyo maana fundi mzuri wa msimbo haridhiki kuona hitilafu imetoweka. Huuliza imetoka wapi, na nini kingine kimeguswa.

Njia yake ni ya subira. Kwanza airudie hitilafu hadi itokee kila anapoitaka. Kisha atafute badiliko lililoileta. Tuseme kuna mabadiliko 1,000: hupima la katikati. Kama hitilafu ipo, kosa liko nusu ya kwanza. Kama haipo, liko nusu ya pili. Kwa vipimo kama 10 tu anafika kwenye badiliko lenye kosa. Git, chombo alichokitengeneza Torvalds mwaka 2005, hufanya kazi hii. Baada ya hapo huandika kiraka kidogo, huelezea sababu, na wengine hukikagua kabla hakijapokelewa.

Vijana wetu wanaosomea kompyuta, Saboti hadi Malindi, wanaweza kuingia humu bila viza wala karo, kwa kuwa msimbo uko wazi. Si lazima kuanza kwa kuandika. Anza kwa kuripoti hitilafu vizuri: ulifanya nini, ulitarajia nini, kikatokea nini. Ripoti kama hiyo ni nusu ya tiba.

Kwetu sisi watumiaji, kuna jambo moja. Kiraka kikishatoka kwa mafundi wa Linux, bado lazima kampuni iliyotengeneza simu ikifikishe kwenye simu yako, na kampuni nyingi huacha kufanya hivyo baada ya miaka michache. Fungua Mipangilio, tafuta tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya miaka mingi iliyopita na hakuna jipya linalokuja, simu hiyo tumia kusikiliza taarabu. Usiweke pesa za ada ya watoto humo.