Majirani Katika Kandanda, Mbalimbali Katika Mishahara

Katika msimu wa mwaka 2025 chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani na Kanada kilitangaza, kama kilivyozoea, orodha ya mishahara ya wanachama wake. Juu kabisa lilikuwapo jina la Lionel Messi, Mwajentina wa klabu ya Inter Miami, ambaye malipo yake yaliyohakikishwa na mkataba yalikuwa dola milioni 20.4 kwa mwaka. Chini kabisa walikuwapo vijana wa kima cha chini cha dola 80,622. Kwa hesabu hiyo, Messi alipata katika siku moja na nusu kile ambacho kijana mwenzake alikitolea jasho mwaka mzima. Tena yule kijana wa chini asihesabiwe kuwa maskini wa eneo hilo. Msafiri akivuka mpaka kuingia Mexico, kisha akateremka hadi Guatemala, El Salvador, Honduras na Costa Rica, atakuta nchi zinazogombea makombe yale yale chini ya shirikisho moja, CONCACAF, huku wachezaji wake wakiishi maisha yasiyofanana hata kidogo.

Ligi ya Marekani na Kanada, ijulikanayo kwa kifupi kama MLS, ilizaliwa na hofu. Kabla yake palikuwa na ligi nyingine, NASL, ambayo klabu yake ya New York Cosmos ilimwajiri Pele mwaka 1975 kwa mamilioni ya dola. Klabu nyingine zikataka kuiga bila kuwa na mfuko wa kuigia. Zilifikia 24 mwaka 1978, na baada ya msimu wa 1984 ligi yenyewe ikafa. Kwa hiyo matajiri walioanzisha MLS, iliyocheza msimu wake wa kwanza mwaka 1996, waliamua kwamba mchezaji asifunge mkataba na klabu bali na ligi yenyewe, na wenye klabu wote wawe washirika katika kampuni moja. Maana yake ni kwamba klabu mbili za ligi hiyo hazikuweza kushindana kumpandishia mchezaji bei. Mwenye kuuza kazi yake akiwa na mnunuzi mmoja tu, bei huipanga mnunuzi. Wachezaji walikwenda mahakamani mwaka 1997 kuupinga mpango huo. Wakashindwa mwaka 2000, na rufani yao nayo ikashindwa mwaka 2002.

Waliposhindwa mahakamani waligeukia umoja. Chama chao kiliundwa mwaka 2003, na kazi yake hupimwa vizuri zaidi kwa tarakimu kuliko kwa maneno. Mwaka 2007 ligi ililegeza kanuni zake ili Los Angeles Galaxy iweze kumwajiri Mwingereza David Beckham kwa mshahara wa dola milioni 6.5. Mwaka huo huo walikuwamo vijana waliolipwa dola 12,900 kwa mwaka, fedha ambazo katika miji ya Marekani hazitoshi hata kodi ya nyumba. Mwaka 2010 wachezaji walikaribia kugoma, na kima cha chini cha wachezaji wa kikosi cha juu kikawa dola 40,000. Mkataba wa 2015 ulikifikisha dola 60,000, ukawapa pia wachezaji wa miaka mingi haki ya kuchagua klabu mkataba unapokwisha. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa dola 104,000.

Hata hivyo kizuizi hakijaondolewa. Katika msimu huo wa 2025 fungu la kawaida la mishahara ya klabu moja liliwekewa kikomo cha dola milioni 5.95, yaani chini ya theluthi moja ya malipo ya Messi peke yake. Inawezekanaje basi alipwe? Ni kwa kanuni ile ile ya wakati wa Beckham: kila klabu ina ruhusa ya kuwa na wachezaji wachache, wasiozidi watatu, ambao sehemu kubwa ya mishahara yao haihesabiwi ndani ya kikomo. Kikomo, kwa maneno mengine, kimewekewa wachezaji wa kawaida.

Mexico hawana kikomo cha namna hiyo kwa wanaume, wala hawana orodha inayotangazwa. Nyuma ya klabu kubwa yamesimama makampuni makubwa: Tigres ina mkono wa Cemex, watengenezaji wa saruji, na Monterrey ina kampuni ya vinywaji ya FEMSA. Malipo ni mazuri kiasi kwamba inasemekana Wamexico wengi huona hasara kwenda Ulaya. Lakini fedha nyingi si uhuru mwingi. Kwa miaka mingi wenye klabu walikuwa na mapatano yaliyoitwa ya waungwana, ambayo hayakuwa na uungwana wowote: mchezaji aliyemaliza mkataba hakuwa huru, kwani klabu mpya ilipaswa kwanza kupatana na ile ya zamani. Mwezi Septemba 2021 tume ya serikali ya kusimamia ushindani wa biashara ilizitoza faini klabu 17 pamoja na shirikisho la kandanda la nchi hiyo, jumla ya peso milioni 177.6. Tume iligundua jambo jingine pia. Ligi ya wanawake ilipokuwa ikianzishwa, klabu zilikubaliana kwamba mchezaji aliyezidi umri wa miaka 23 asilipwe zaidi ya peso 2,000 kwa mwezi, na aliye chini ya hapo apewe peso 500.

Kusini mwa Mexico hali ni nyingine kabisa. Klabu kama Saprissa na Alajuelense za Costa Rica zina watazamaji na heshima, lakini masoko ya nchi hizo ni madogo, na haki za televisheni haziwezi kulinganishwa na za Mexico. Zipo pia klabu zilizokulia katika majeshi, ambazo askari wanaosikiliza watazielewa upesi: Aurora ya Guatemala, iliyokuwa timu ya jeshi na bingwa wa nchi mara kadhaa, na Walter Ferretti ya Nicaragua, yenye asili yake katika polisi. Kwingineko mchezaji hutegemea mfuko wa tajiri, na tajiri hukawia. Uchunguzi wa FIFPRO, umoja wa wachezaji ulimwenguni, ulioendeshwa katika nchi 54 na kutangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wachezaji 41 katika kila 100 walikuwa wamecheleweshewa mishahara, na 45 walipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi.

Mshahara unaokawia huacha mlango wazi kwa mhongaji. Septemba 2013 shirikisho la El Salvador liliwafungia maisha wachezaji 14 wa timu ya taifa kwa kuuza mechi. Kosa lilikuwa lao, na adhabu ilistahili. Lakini mhongaji hutafuta kwanza mahali penye njaa, na polisi wa nchi yoyote wanalijua hilo.

Mwenye kipaji, basi, huondoka mapema. Kipa Keylor Navas aliihama Saprissa kwenda Hispania mwaka 2010, na kwa kijana wa Honduras au Panama hata kima cha chini cha MLS ni mali. Saprissa ililitwaa kombe la klabu bingwa za eneo hilo mwaka 2005. Kuanzia 2006 hadi 2025 kombe hilo lilichukuliwa na klabu za Mexico kila mara isipokuwa mwaka 2022, lilipokwenda kwa Seattle Sounders ya Marekani.