Gari jipya la mbio za dunia: Mashabiki waulizia bei na spea kabla ya sura

MASHABIKI wa mbio za magari Afrika Mashariki wana gumzo jipya. Msimu wa 2027 wa Mashindano ya Dunia ya Mbio za Magari (WRC) unakuja na kanuni mpya, na magari ya daraja la juu yatakayochorwa kwa kanuni hizo si yale yaliyozoeleka kutimua vumbi la Naivasha tangu mwaka 2022.

Kwa mfanyabiashara anayevuka Namanga, Malaba au Rusumo na mzigo wake, gumzo hilo si geni. Ukiondoa mlio wa injini, maswali yanayobaki ni yale anayokutana nayo kila muuza magari: linauzwa bei gani, linahimili barabara gani, na likiharibika spea zitatoka wapi?

Kinachobadilika

Magari ya sasa, yanayoitwa Rally1, yaliingia mwaka 2022 yakiwa na injini ya lita 1.6 yenye turbo, ikisaidiwa na mota ya umeme ya kilowati 100. Kuanzia msimu wa 2025 mota hiyo iliondolewa, na uzito wa chini unaoruhusiwa ukashushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180. Gari moja la aina hiyo limekuwa likitajwa kugharimu karibu euro milioni 1. Haishangazi kwamba ni Toyota, Hyundai na Ford ya timu ya M-Sport pekee zilizoleta Rally1 Kenya.

Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) sasa limeweka kikomo. Gari la kanuni mpya lisizidi euro 345,000, sawa na takriban shilingi milioni 50 za Kenya. Nguvu yake itakuwa karibu farasi 300. Mifupa yake ni fremu ya mabomba inayowakinga dereva na msaidizi wake, huku breki, usukani, springi na shokapu vikitokana na magari ya daraja la pili, Rally2.

Bodi imeachwa huru. Mtengenezaji anaweza kuivisha fremu hiyo umbo la gari dogo, la saluni, la juujuu kama yale ya familia, au umbo alilolibuni mwenyewe. Tena si lazima awe kiwanda kikubwa. Karakana inayojenga magari ya mbio nayo imefunguliwa mlango, na Project Rally One ya Ubelgiji imekwisha kujitokeza.

Kambi tatu

Kambi ya kwanza inaangalia sura. Toyota imeonekana ikijaribu gari lake jipya, na umbo lake la chini lenye paa linaloteremka nyuma limewafanya wengi kutaja jina moja: Celica. Jina hilo lina uzito hapa kwetu. Kati ya 1984 na 1995, Celica ilishinda Safari Rally mara 8.

Kambi ya pili inaangalia kasi. Hawa wanalalamika kwamba farasi 300 ni wachache kwa mashindano ya dunia, na kwamba mtu hasafiri kutoka Kampala au Arusha kwenda kuona gari lililopunguzwa makali. Wenzao wanawajibu kwamba Safari haijawahi kuwa ya mwenye kasi peke yake. Mwaka 1963 na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza.

Kambi ya tatu, ambayo mafundi wengi wamo, inaangalia njia. Vumbi laini la Naivasha hufunika mawe na mashimo, na mvua ikinyesha hugeuka tope. Ndiyo maana miaka ya karibuni timu zimekuwa zikifunga bomba la kuvutia hewa juu, kando ya kioo cha mbele, ili injini isivute vumbi wala maji. Kambi hii haiulizi gari linapendeza kiasi gani. Inauliza limeinuka kiasi gani kutoka ardhini, hewa inaingilia wapi, na fundi anahitaji dakika ngapi kubadilisha shokapu.

Safari na soko

Biashara ni matangazo, na hakuna tangazo la gari lililowahi kuishinda Safari katika ukanda huu. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla ya njia kubaki Kenya tangu katikati ya miaka ya 1970. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeendesha kwa jina la Kenya, alishinda mara 5, zote kwa Datsun. Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976.

Magari hayo yalikuwa ndugu wa karibu wa yale yaliyouzwa dukani. Mtu aliyeliona 404 au Datsun likifika mwisho likiwa limepondeka alijua anachonunua. Ushahidi ulikuwa umepita mbele ya nyumba yake.

Leo si hivyo. GR Yaris Rally1, iliyolipatia Toyota ushindi Naivasha mfululizo, inafanana na Yaris ya dukani kwa uso tu. Ndani ni mashine nyingine kabisa. Kanuni mpya zinaweza kuongeza umbali huo, kwa kuwa zinaruhusu hata bodi isiyo na ndugu sokoni. Anayeagiza magari ya kuuza na afahamu hilo: kombe la Safari si cheti tena kwamba gari la jina hilohilo litahimili barabara ya kijijini.

Mlango kwa madereva wetu

Hata hivyo, bei ndogo ina maana yake. Tangu Ian Duncan wa Kenya aliposhinda kwa Celica mwaka 1994, hakuna dereva wa Afrika Mashariki aliyeshinda Safari ikiwa sehemu ya mashindano ya dunia. Wa kwetu wamekuwa wakigombea madaraja ya chini, kwa sababu gari la juu halikuwa la kununuliwa na mtu binafsi.

Euro 345,000 bado ni fedha nyingi, na kununua gari si kushindana. Kuna matairi, mafundi, mafuta, usafiri na gharama ya ajali. Lakini jambo lenye uzito kuliko bei ni asili ya vifaa. Magari ya Rally2 yapo tayari katika ukanda huu. Karan Patel wa Kenya, aliyewahi kuwa bingwa wa Afrika, amejijengea jina kwa magari ya daraja hilo. Mafundi wanaoyahudumia wanazijua breki na springi zake, na wanajua kipi huvunjika kwanza.

Magari hayo pia huvuka mipaka. Mashindano ya Afrika yamekuwa yakipita Uganda kwa Pearl of Africa Rally na Rwanda kwa Mountain Gorilla Rally, pamoja na Tanzania na Kenya. Kila gari linalovuka hufuatana na lori la matairi na masanduku ya spea, na sanduku likikwama mpakani siku mbili, dereva amekwisha kushindwa kabla ya bendera kushuka.

Hapo ndipo gumzo la mashabiki linapokutana na biashara. Sura ya gari la 2027 itaamuliwa Ulaya na Japani. Lakini gari hilo kuwa la kutazamwa tu, au kuwa la kuendeshwa na kijana wa Nairobi, Kampala, Kigali au Dar es Salaam, kutategemea pia nani atakuwa na shokapu yake ghalani, na itachukua saa ngapi kufika upande wa pili wa mpaka.